Mashine ya mjomba na mashine mpya: shajara ya kiangazi Chunya

Juni 2

Nimefika jana usiku kwa basi la kutoka Mbeya, mashine nimeipakata njia nzima. Kondakta alitaka iende kwenye buti, nikamwambia afadhali niende mimi. Ni GPX 6000, detekta ya kutafutia dhahabu ardhini. Tumeichangia watu watatu, na mwenzetu mmoja aliuza bodaboda ili fungu lake litimie. Shajara hii naiandika kwa ajili ya hao wawili kwanza, wasije wakadhani nimekuja huku kupunga upepo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hiyo ndiyo mashine, au nusu yake umeisahau kwenye basi?"

Ana haki ya kushangaa. Yeye anatumia GPX 4500, ambayo betri yake hubebwa mgongoni, waya unapita begani, na kamba ya mpira inasaidia mkono usichoke. Hii yangu ina kilo 2.1, betri iko humo humo, na ukiikunja inaingia kwenye begi la mwanafunzi. Yake aliinunua mtumba zaidi ya miaka kumi iliyopita na imesomesha watoto wawili. Yangu haijachafuka bado.

Swali la mradi ni moja: je, mashine mpya inapata dhahabu ambayo ya zamani haiipati, na kama inaipata, ni dhahabu ya kurudisha bodaboda ya watu?

Tumepewa eneo na mzee mwenye leseni, kati ya Matundasi na Makongolosi. Yeye theluthi, sisi theluthi mbili. Tumeandikishana na mwenyekiti wa kitongoji ameshuhudia. Mjomba hagusi ardhi bila karatasi. Anasema aliyeingia na detekta kwenye leseni ya mwenzake usiku ni mwizi tu, hata kama hakubeba kitu.

Juni 4

Leo tumejenga uwanja wa majaribio, na nitaueleza kirefu maana hapa ndipo watu wengi hujidanganya.

Kawaida mtu huchimba shimo, hutia punje, hufukia, halafu hupitisha mashine juu. Kasoro ni kwamba udongo wa hapa ukishavurugwa hulia wenyewe. Mashine imeshazoea ardhi iliyotulia, ikifika kwenye kifusi inapiga kelele, nawe unashangilia shimo badala ya dhahabu. Kwa hiyo tumetumia mtaro wa zamani wa wachimbaji, wenye ukuta ulionyooka. Tumetoboa ukuta kwa ubavu kwa nondo, tundu moja baada ya jingine, kila moja kwa kina chake kutoka juu. Punje imefungwa kwenye ncha ya mti mkavu na kusukumwa ndani. Udongo wa juu haujaguswa.

Kabla ya kuweka punje tulipita juu ya matundu matupu kwa mashine zote mbili. Matundu mawili yalilia, tukayaacha.

Punje tulikuwa nazo tatu, zote za mjomba, na kila ilipotoka mtini alikuwa anaihesabu. Moja ya gramu 0.2, sawa na kichwa cha njiti ya kiberiti. Moja ya gramu 1, kama choroko. Moja ya gramu 5, kama punje ya hindi. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, ndiyo maana hindi moja linaweza kulipa kodi ya nyumba.

Kwa ile ya 0.2, mashine mpya ilikuwa na koili yake ya inchi 11, ile sahani ya waya inayopitishwa juu ya ardhi, na punje ilisikika vizuri kwenye tundu la sentimita 9. Mashine ya mjomba, nayo ikiwa na koili ya inchi 11, haikuisikia hadi tulipoileta tundu la sentimita 3. Hapo hapakuwa na ubishi.

Ya gramu 1: mpya sentimita 18, ya zamani 15. Ya gramu 5: mpya 29 kwa mlio dhaifu, ya zamani 27. Kisha mjomba akaenda nyumbani bila kusema neno, akarudi na koili ya inchi 18 iliyofungwa kwenye khanga, kubwa kama ungo. Akaifunga. Ile ya gramu 5 akaisikia kwenye sentimita 32.

"Andika na hiyo," akasema.

Nimeandika.

Juni 5

Kwa nini iwe hivyo? Mwenzetu wa bodaboda ameniuliza kwa simu, namjibu hapa.

Mashine zote mbili ni za mapigo. Koili hupelekewa umeme kwa vipande vifupi, umeme unakatwa ghafla, kisha mashine inasikiliza. Metali yoyote iliyo chini hubaki na mikondo midogo ya umeme inayozunguka ndani yake na kufifia. Punje kubwa hufifia polepole. Punje ndogo hufifia upesi mno, katika sehemu za milioni za sekunde. Mashine ikichelewa kufungua masikio, punje ndogo imeshanyamaza. Kwa kiasi kikubwa maendeleo ya mashine hizi ni hayo: kuwahi kusikiliza bila kuzibwa masikio na udongo.

Maana udongo nao hulia. Chunya ina udongo mwekundu wenye madini ya chuma, na vijiwe vyeusi ambavyo huvuta sumaku. Huo udongo unafifia kwa mwendo wake. Detekta ya SD 2000, iliyotoka Australia mwaka 1995, ndiyo iliyobadilisha mambo, kwa sababu ilituma mapigo marefu na mafupi kwa zamu, ikalinganisha majibu, ikaufuta udongo. Mashine ya mjomba ni mjukuu wa hiyo. Lakini kila ukifuta udongo, unafuta pia punje ambayo inafifia kwa mwendo uleule wa udongo. Hiyo inabaki chini, na wewe unapita juu yake ukiimba. Ndiyo sababu kiwanja "kilichokwisha" kwa mashine moja huamka kwa mashine nyingine.

Zile za mtindo wa zamani zaidi, zinazotuma wimbi moja lisilokatika, hazina msaada mkubwa kwenye udongo kama huu, ingawa zisidharauliwe. Mwaka 1980 pale Kingower, jimbo la Victoria nchini Australia, Kevin Hillier alitoa pande la kilo 27 kwa mashine ya aina hiyo. Pande lilikuwa karibu na uso wa ardhi na hakuna aliyekuwa amelitoa kabla yake. Kutangulia nako ni teknolojia.

Juni 11

Siku nne kwenye kiwanja ambacho mjomba alikimaliza, kwa maneno yake, "hadi panya wamehama". Ni mteremko mdogo chini ya mwamba wa mawe meupe, miti ya miombo imekatwa, ardhi ngumu kama saruji.

Nimetoa punje tisa. Kubwa ina gramu 0.6, ndogo sijui niiite nini, mizani inayumba kati ya 0.05 na 0.1. Jumla gramu 2.1. Zote hazikuzidi kina cha kiganja.

Mjomba amezitazama sana kwenye sahani ya plastiki. Halafu akachukua mashine yake, akapita juu ya mashimo mawili niliyoyawekea alama lakini sijachimba. Kimya. Akazungusha kitufe, akabadilisha programu kutoka ile ya ardhi ngumu kwenda ile yenye usikivu zaidi. Ardhi ikaanza kunguruma yote, na ndani ya huo mngurumo akasema anasikia moja. Ya pili hakuisikia.

Gramu 2.1 kwa siku nne, watu wawili, na chakula. Si haba, ila mwenye bodaboda asianze kuchagua rangi.

Juni 19

Misumari. Vipande vya makopo. Maganda ya risasi. Kiatu cha farasi, au cha punda, mjomba anasema punda.

Dhahabu ya Lupa, yaani eneo hili la Chunya, iligunduliwa mwaka 1922, na miaka ya 1930 porini huku kulijaa watu wa kila rangi. Mji wa Mbeya wenyewe ulikua kwa ajili yao. Walivyokula na kutupa makopo ndivyo tunavyochimba sisi leo. Mashine mpya haina kichujio cha chuma, kila kinacholia ni cha kuchimba. Ya mjomba inacho, kinafanya kazi ukifunga koili ya DD, yenye waya mbili zinazopandana, lakini yeye hakiamini. Aliwahi kuacha mlio uliosemekana ni chuma, na jirani akauchimba.

Sululu yangu nimeifunga sumaku ya spika ya redio kwenye mpini. Imeokoa muda kuliko kitu kingine chochote nilichonunua.

Juni 27

Siku mbili mashine mpya inapiga kelele kama redio isiyokamata stesheni. Nilishusha usikivu, nikabadilisha koili, nikaanza kukata tamaa. Kumbe mlima wa mbele una mnara wa simu, na simu yangu yenyewe ilikuwa mfukoni. Usikivu mkubwa husikia kila kitu. Simu nimeiacha kambini, koili ya inchi 14 ya DD imetuliza sehemu kubwa, na upande ule wa mnara tunafanya kazi alfajiri tu. Sina ushahidi kwamba alfajiri ni bora, ila masikio yanasema hivyo.

Mashine ya mjomba pale pale inavuma taratibu kama friji.

Vijiwe vyeusi navyo vinanisumbua. Vinalia tamu kama dhahabu. Njia ninayoitumia sasa ni kupandisha koili sentimita kumi hivi na kupita tena: kijiwe hunyamaza upesi, punje halisi hufifia kwa adabu. Si sheria, nimeshadanganywa na vyote viwili.

Julai 8

Betri ya mashine ya zamani imekata roho. Fundi mmoja mjini alishawahi kuifungua na kuweka seli za betri za kompyuta, na kwa miaka mitatu ilifanya kazi, sasa imevimba. Siku tano bila mashine moja. Nimepita peke yangu, gramu 0.9.

Huku tukisubiri seli, kijana mmoja alileta mashine "mpya kabisa" ya kuuza, nembo ileile ya mashine ya mjomba, nusu ya bei. Stika ilikuwa imepinda kidogo na herufi zimepauka. Mjomba aliipitisha juu ya pete yake ya ndoa, ikalia vizuri. Akaipeleka kwenye ukuta wetu wa mtaro, punje ya gramu 1, sentimita 15. Kimya. Sentimita 8, kimya. "Mwanangu," akamwambia, "pete naiona kwa macho." Kijana aliondoka kwa heshima, nadhani hata yeye alikuwa ametapeliwa.

Ukuta wa majaribio umeshajilipa.

Julai 20

Siku ya kukumbuka.

Mjomba alikuwa kwenye korongo kavu na lile ungo la inchi 18. Mimi nilikuwa juu kwenye mteremko. Akapiga mluzi. Nilipofika alikuwa amechora duara kwa fimbo, hajachimba.

"Pita na yako kwanza."

Nikapita. Kwa mwendo wangu wa kila siku sikusikia chochote cha kunisimamisha. Nikapita polepole, mvumo wa mashine ukazama kidogo na kupanda kidogo, kitu ambacho kwa siku ya kawaida ningekipa udongo na kuendelea. Na kusema kweli, nilikuwa naambiwa kuna kitu. Masikio yaliyoambiwa si shahidi mzuri.

Kwa hedifoni zake nilisikia kitu kingine. Mlio mpana, unashuka halafu unapanda, kama mtu anayeguna chumba cha pili. Anasema punje ndogo za juu huanza na sauti ya juu kisha hushuka, na kubwa za chini hufanya kinyume.

Tulichimba saa nzima. Kwenye sentimita 38, juu ya mwamba uliooza, gramu 14 zenye jiwe jeupe limeng'ang'ania upande mmoja. Mjomba hakusema kitu. Aliitia mdomoni kuiosha, akaitoa, akanipa niishike.

Hesabu ya usiku: kipande kimoja cha mashine ya zamani kimezidi punje zangu zote za wiki saba.

Julai 22

Nimelala vibaya, na si kwa wivu tu. Nimegundua kwamba jaribio letu lina tobo.

Tangu Juni 4, mashine mpya naibeba mimi, na ya zamani anaibeba yeye. Kwa hiyo nilichokuwa nalinganisha si mashine mbili. Ni mimi na mjomba. Mimi nina mwezi na nusu wa kazi hii, yeye ana zaidi ya miaka kumi. Mimi nafagia kama nakata majani, yeye anafagia kama anapiga pasi shati la harusi. Nimempima kwa saa ya mkononi: mimi huvuka hatua ishirini wakati yeye amevuka saba.

Kuna na jambo la masikio. Kwenye mashine yake ameshusha sauti ya mlio chini kabisa, yaani nzito, si ndogo. Nilidhani ni mazoea. Jana kaniambia sauti za juu hazisikii tena vizuri, ni umri na zile mota za kusaga mawe alizofanyia kazi ujanani. Punje ndogo, ambazo huanza kwa sauti ya juu, zinapita kwake kwenye kipande cha sikio kilichokufa. Je, zile tisa za Juni mashine yake haikuzisikia, au yeye ndiye hakuzisikia?

Tunabadilishana kuanzia kesho.

Agosti 3

Nimebeba ya zamani kwa siku kumi. Mgongo unauma. Nilirudi kwanza kwenye ukuta wa mtaro na punje ya 0.2, nikipandisha sauti ya mlio ilingane na masikio yangu. Niliisikia kwenye tundu la sentimita 5. Mjomba alikuwa ameisikia kwenye 3. Kwa hiyo sehemu ya tofauti ilikuwa sikio, lakini si yote: kutoka 5 hadi 9 ni kazi ya mashine.

Kwenye korongo na koili ya inchi 18 nimetoa risasi nne za bunduki, kina cha mkono mzima. Risasi na dhahabu zinalia karibu sawa, na moyo unalipuka kila mara. Dhahabu: punje moja, gramu 1.8. Ilikuwa pembeni ya njia ambayo mimi mwenyewe nilipita Juni kwa mashine mpya, kina sentimita 20. Kwa jaribio la ukutani mashine mpya ilipaswa kuisikia bila shida. Haikunyamaza yenyewe, nilikimbia mimi.

Mjomba na mashine mpya? Siku ya kwanza alilalamika kwamba haina vitufe. "Inajisawazisha yenyewe, inajiamulia yenyewe, mimi kazi yangu nini?" Siku ya pili aliweka usikivu kwa mkono, akaushusha hadi mvumo ulipotulia, akaanza kupiga pasi. Kwenye ule mteremko uliomalizwa mara mbili, mara ya kwanza na yeye na mara ya pili na mimi, ametoa punje kumi na moja. Gramu 3.4. Hakuwa anazisikia vizuri, anasema, alikuwa anaona tu mvumo "unajikuna", akasimama kila ulipojikuna.

Agosti 16

Sokoni. Soko la madini Chunya lipo tangu mwaka 2019, siku za kuuza kwa kificho kwenye vibanda zimepungua. Dhahabu inapimwa mbele yako, serikali inakata mrabaha na ada ya ukaguzi, unapewa karatasi. Jiwe jeupe lililong'ang'ania ile ya gramu 14 lilivunjwa na kutupwa, zikabaki 12.6. Niliumia kidogo, lilikuwa zuri.

Baada ya theluthi ya mwenye leseni, chakula, seli za betri na nauli, fungu letu halifiki hata robo ya bei ya mashine, ambayo Marekani ilianza kuuzwa karibu dola 6,000, na huku ukiongeza usafiri inapanda. Nimewapigia simu wenzangu wote wawili nikawasomea hesabu kama ilivyo. Wa bodaboda alinyamaza, halafu akauliza kama ile ya mjomba inauzwa.

Haiuzwi.

Agosti 29

Nyasi zimeungua, ardhi iko wazi, koili inapita chini kabisa bila kugonga visiki vya majani. Hii ndiyo miezi mizuri, hadi mvua za Novemba.

Utaratibu wa sasa ni huu. Kila mstari tunaupima kwa kamba, hatua tatu upana. Mpya inatangulia kwenye mteremko na kila mahali ambapo mwamba uko juu. Kwenye korongo, ambako udongo ni mwingi juu ya mwamba, linatangulia ungo la inchi 18. Tunabadilishana mikono kila baada ya siku mbili, na kila mlio unaandikwa kabla ya kuchimbwa: nani, mashine gani, sauti gani, alidhani ni nini. Daftari la mjomba lina neno moja tu mara nyingi, "inajikuna", lakini mbele yake kuna gramu.

Wiki hii: mteremko gramu 1.7, korongo hakuna kitu, risasi sita.

Jioni tulikuwa tunasafisha mashine kwa kitambaa. Mjomba akaifuta ile mpya mara mbili, akaikunja, akaifungua, akaikunja tena.

"Mvua zikianza unarudi Mbeya?"

"Ndiyo mjomba."

"Na hii nayo inarudi?"

Nimesema nitawauliza wenzangu.